Matawi Kabla ya Kona

Siku ya nne ya msiba wa baba, shangazi aliniita kutoka mkekani alipokuwa akichambua mchele, akaniambia nikayatoe yale matawi barabarani kwa kuwa msiba umekwisha. Aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa karibu, na kwa sababu mdogo wangu alikuwa anawasaidia wenzake kukunja maturubai. Nikaitika. Nikaenda hadi ukingoni mwa lami, nikashika tawi moja la mwarobaini. Pikipiki zilikuwa zimelikanyaga siku zote nne, majani yamepondeka, na ile harufu yake chungu ilipopanda puani nikashindwa kuliburuta. Nikaliachia.

Waliokuwa wakiaga walidhani ni uchungu wa kufiwa. Ulikuwepo, sikatai. Lakini katika nyumba ile nzima mimi ndiye mtu wa mwisho aliyestahili kutumwa kutoa matawi barabarani, na aliyejua hivyo, ukiniondoa mimi, ni yule tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Mtaani kwetu Makanyagio msiba ukitokea, kabla hata turubai halijafika, mtu hukata matawi na kuyalaza barabarani, upande huu na upande ule, ili wenye magari na pikipiki wapunguze mwendo. Watu wanakuwa wengi, watoto wanavuka bila kuangalia, masufuria yanachemkia karibu na njia. Nimeona madereva wakipita kwenye kibao cha hamsini kana kwamba kimeandikwa kwa ajili ya wengine, lakini sijaona anayelipita tawi bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Siku msiba ukiisha, matawi yanatolewa, na maisha yanarudi kama yalivyokuwa. Hilo nililijua tangu nikiwa na miaka minane. Kwa bahati mbaya ndilo pekee nililolijua kuhusu matawi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini, na kazi yake ilikuwa kuleta mpunga kutoka Usevya hadi kwenye mashine za kukoboa za Mpanda. Watu walimwita Honi, kwa sababu hakuna kona aliyoingia bila kupiga honi, hata kona ambayo unaona mpaka mwisho wake. Mkanda alifunga kabla ya kuwasha gari. Simu hakupokea akiwa anaendesha, hata apigiwe na nani. Alisema mtu hawezi kuwa sehemu mbili, na lori lilikuwa linamlipa awe ndani yake. Wenzake walimcheka. Walimwambia atafika Mpanda mpunga umeshaota tena.

Kitu kimoja tu kilimkasirisha, nacho ni msemo. Mtu akisema mbele yake kwamba ajali haina kinga, baba aliweka chini hata kikombe cha chai. "Nani kakwambia? Ajali ina kinga. Kinga yake ni breki na akili. Nyie mkishazembea mnamsingizia Mungu." Mama alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza ili aache, hasa kwenye misiba ya ajali, ambako msemo huo ndio kila mtu huja nao. Hakuacha.

Nilipokuwa na miaka hiyo minane, wakati wa likizo, nilikwenda naye Usevya kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeomba kwa muda mrefu, na nadhani alikubali kwa sababu mama alikuwa mjamzito wa miezi minane, miguu imevimba, na nyumbani nilikuwa namchosha kwa maswali. Bibi, mama yake baba, alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Huo ndio msiba wangu wa kwanza, na sikuwa nimeutua. Usiku nilikuwa naamka kwenda kusikiliza mlangoni kama mama anapumua. Mchana nilimfuata mpaka jikoni. Sikumwambia mtu sababu, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa mtoto mwenye hofu na mtoto msumbufu wanafanana sana.

Asubuhi tuliyoondoka, mama alikuwa ameshika kiuno na kuegemea mlango. Alinipungia mkono mmoja tu. Mimi sikupenda ule mkono mmoja.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Baba alinikunjia kanga ya mama nikaikalia, mkanda usije ukanikata shingo. Ndani ya hifadhi ya wanyama alikwenda polepole kiasi kwamba mbung'o walituingilia dirishani wakatuuma wapendavyo, na nilipolalamika akasema afadhali kuumwa na mbung'o kuliko kumgonga twiga. Pale Sitalike alisimama kabisa kwenye daraja jembamba kupisha lori lililokuwa linatoka upande wa pili, ingawa sisi tuliwahi kufika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema yule ana mzigo, sisi tupu, mwepesi ndiye wa kumsubiri mzito. Nililala Usevya kwa mwenyeji wake, nikala wali wa mchele mpya, na kesho yake mchana tukarudi na magunia yamefungwa kwa kamba mpaka juu.

Simu ilianza kulia tukiwa ndani ya hifadhi. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, upande wangu, na kila ilipolia niliona kimwanga chake kupitia kitambaa. Baba aliendelea kuangalia mbele. Ikakata. Ikalia tena. Nilihesabu mara tano.

"Baba, simu."

"Naisikia, mama." Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la marehemu bibi.

"Pokea."

"Tukisimama nitapokea. Hapa kuna simba, hapasimamwi."

Tulipotoka hifadhini mtandao ukawa haupo, na simu ikanyamaza. Kunyamaza kwake kukawa kubaya zaidi. Nilikaa nikiangalia ule mfuko kwa hofu ambayo hata leo, simu ikilia nikiwa kwenye usukani, inanirudia vilevile. Mume wangu ananitania kwamba mimi ni dereva pekee Katavi anayetoka jasho kwenye barabara iliyonyooka. Anacheka, nami nacheka, lakini simu siigusi.

Tulikuwa tumeipita Sitalike, jua limeanza kulegea lakini bado kali, tukaingia kona moja ndefu yenye mteremko. Baba alipiga honi kama kawaida. Tulipomaliza tu kuikata, tairi la nyuma la ndani likapasuka kwa mshindo, lori likavuta upande, akalishika taratibu mpaka likasimama. Mkia wake ulibaki umechukua nusu ya barabara. Wakati ule ilikuwa ya changarawe, na vumbi letu wenyewe lilitufunika.

Alizima gari, akaweka mawe chini ya matairi, na kabla hajagusa jeki akatoa simu. Akapanda juu ya magunia kutafuta mtandao. Nilikuwa chini, namwona kidevu tu.

"Eeh, dada. Nilikuwa barabarani." Akasikiliza. "Lini?" Akasikiliza sana. "Eeh. Eeh. Wamempeleka na nani?" Halafu akajifuta uso kwa kiganja. "Haya. Mungu yupo. Mimi nimeharibikiwa hapa. Nakuja."

Alishuka akiwa mtu mwingine. Leo najua shangazi alikuwa amemwambia kwamba mama kashikwa na uchungu kabla ya siku zake, anatoka damu, na wamemkimbiza hospitali. Hilo ni jambo la kumbadilisha mtu uso. Lakini kwetu mtoto haambiwi mambo ya uzazi, na mimi sikuambiwa kitu. Nilimuuliza, "Mama kafanyaje?" akajibu haraka mno, "Hajafanya kitu. Kaa pale kwenye kivuli. Usisogee barabarani, umenisikia?" Kisha akachukua panga lililokuwa nyuma ya kiti.

Pembetatu zake nyekundu hazikuwemo. Alikuwa nazo mbili, moja ilikanyagwa na basi wiki ile, nyingine alimwazima dereva mwenzake aliyekwama Kibaoni na hakuwa amerudishiwa. Hilo lilikuwa kosa lake, na nalisema kwa sababu yeye mwenyewe angelisema. Basi akafanya wanachofanya madereva wote wa njia ile. Akakata matawi mabichi yenye majani mengi, akayabeba begani, akarudi nyuma hadi ng'ambo ya kona akihesabu hatua, akayalaza barabarani mafungu matatu, moja mbali, moja katikati, moja karibu, ili anayekuja ajue mapema kwamba mbele kuna gari limekufa njiani.

Sikuwa nimewahi kuona matawi kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimeyaona mara moja tu, mwezi mmoja nyuma, mbele ya nyumba yetu, bibi alipokufa. Simu ililia, baba alisikiliza, akajifuta uso kwa kiganja, akatoka na panga, akakata matawi, akayalaza barabarani. Na leo tena, kwa mpangilio uleule. Hakuna aliyenieleza lolote, ila mwili wangu wote ulielewa. Mama amekufa, na baba anatangaza msiba kule tulipokwama kwa sababu hawezi kufika nyumbani.

Nakumbuka sikulia. Nilikaa kivulini nikiwa nimeshika kanga ya mama, na meno yananigongana kwenye joto lile. Baba alirudi, akaingia chini ya lori na jeki, nikawa naona miguu yake tu. Nilimsikia anahema na kusema peke yake, "Ee Mungu, ee Mungu," na kila aliposema nilizidi kuamini.

Halafu nikakumbuka mwisho wa msiba wa bibi. Siku zote wanawake walikuwa wanalia, baba hali, redio imefunikwa kitambaa. Ikaja asubuhi moja shangazi akasema matawi yatolewe, msiba umekwisha. Yakatolewa. Mchana ule ule redio ikawashwa, mama akacheka kitu alichoambiwa na jirani, baba akaomba chai. Mimi niliyaangalia yale matawi yakiburutwa na nikaona kwa macho yangu huzuni ikiondoka nayo. Sikujua ni watu walioamua kumaliza. Nilidhani ni matawi.

Nikainuka. Nikapita pembeni kabisa, kwenye majani, kwa kuwa nilikatazwa barabara na sikutaka kuvunja amri. Nilipofika ng'ambo ya kona nikaanza na fungu la mbali. Yalikuwa mazito kwangu. Niliyaburuta moja moja hadi mtaroni, mikono ikinata utomvu, ile harufu ya majani mabichi yaliyovunjika ikinijaa kooni. Nilifanya haraka, nikiogopa baba asije akatokea kabla sijamaliza. Sikuacha hata kijiti. Nilikuwa nimevaa ndala, ya kushoto imekatika kisigino, na ilikuwa inanivuka kila nikirudi nyuma.

Nilipomaliza niliona nafuu ya ajabu. Nilirudi kivulini nikakaa palepale, nikasubiri simu ilie waseme mama amepona.

Ikalia pikipiki.

Ilikuwa inakuja kwa kasi ya mtu aliyezoea njia. Aliyeiendesha alikuwa kijana anaitwa Deo, mtu wa Sitalike, amefunga tenga la kuku nyuma anawahi soko la jioni mjini. Helmeti alikuwa nayo, imening'inia kwenye usukani. Baba alikuwa ametoka chini ya lori dakika ile ile kufuata spana. Hilo nalishukuru kila siku ya maisha yangu. Deo aliikata kona akakuta mkia wa lori mbele yake. Akashika breki, changarawe zikamkataa, pikipiki ikaenda kiubavu ikapiga pembe ya bodi, yeye akarushwa mtaroni. Tenga likapasuka. Kuku wakatawanyika porini wakipiga kelele, na manyoya yakawa yanashuka polepole juu ya kila kitu.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaa vibaya. Alikuwa anamwita mama yake.

Baba alimkimbilia, akauvalisha ule mguu mbao mbili za kuzibia bodi, akazifunga kwa ile kanga ya mama. Alinipokonya mkononi bila kuniangalia. Gari dogo lililokuwa linapita likambeba Deo kwenda Mpanda, na baada ya muda akaja askari wa barabarani kwa pikipiki, mtu mzima, anayemfahamu baba kwa miaka mingi.

"Honi, wewe? Hukuweka alama?"

"Niliweka matawi, afande. Ng'ambo ya kona. Mafungu matatu."

"Mimi nimetoka mjini sijafika huko. Twende nikaone. Pembetatu najua huna, nyie wote hamna, tutaongea baadaye. Lakini kama matawi yapo, huyo kijana naye ana maswali ya kujibu."

Wakaenda. Niliwafuata kwa mbali; hakuna aliyenikataza. Ng'ambo ya kona barabara ilikuwa tupu. Baba alisimama. Aliangalia barabara, akaangalia mtaroni ambako matawi yake yalikuwa yamelala na majani bado mabichi, kisha akaangalia chini. Alichukua hatua moja mbele, akasimama mahali fulani kwenye vumbi, akawa anasugua ardhi kwa kiatu kama mtu mwenye mawazo.

"Yako wapi?" afande aliuliza.

"Sikuweka," baba alisema.

"Si umesema umeweka?"

"Nilidhani niliweka. Nilipigiwa simu ya nyumbani, mke wangu yuko hospitali, nikachanganyikiwa. Nilikata, nikayatupa mtaroni, sikuyalaza. Ni yale pale." Akayaonyesha kwa kidole. "Ajali haina kinga, afande."

Afande alimtazama kwa muda. Nadhani na yeye alijua ni mtu gani kasema maneno hayo. Akatoa daftari akaandika.

Mimi nilishika moja tu katika yote yale: mke wangu yuko hospitali. Hospitali, si kaburini. Nilifurahi mpaka nikakaa chini barabarani. Kijana mguu umevunjika, baba anaandikwa, na mimi nimekaa vumbini nacheka na kulia kwa sababu nimeokoa mama yangu kwa kutoa matawi. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Niliamini hivyo kwa miaka kadhaa.

Tulipokuwa tunaondoka, baada ya kufunga tairi, baba alinifunga mkanda mwenyewe. Mikono yake ilinuka utomvu kama yangu. Alivigeuza viganja vyangu juu, akaviangalia, akavifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya gari mpaka vikawa vyeusi.

"Ulikuwa kivulini muda wote, si ndiyo?"

Niliangalia ndala zangu.

"Ulikuwa kivulini. Mtu akikuuliza, ulikuwa kivulini."

"Ndiyo, baba."

"Basi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Tulimkuta mama mzima, mweupe midomo, na mtoto wa kiume mdogo kama paka, ndiye huyu anayekunja maturubai. Baba alifikishwa mahakamani, leseni ikazuiwa, na tajiri akampa lori dereva mwingine kabla hata kesi haijaisha. Hakuendesha tena. Alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa, akisukuma magunia yaliyoletwa na wenzake, na vumbi la pumba ndilo lililomharibu kifua. Wale wale waliomwita Honi wakaanza kumwita Matawi. "Matawi, leo hujasahau kitu?" Alikuwa anatabasamu. Na mtu akisema ajali haina kinga, alikunywa chai yake. Mama alikuwa akimtazama akisubiri, kisha akaacha kusubiri.

Kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda kumwona Deo, kwanza hospitali, kisha Sitalike, kisha hapa hapa Makanyagio Deo alipohamia na kufungua kibanda cha kutengeneza simu. Mguu ulipona ukiwa mfupi.

Nilikuwa kidato cha pili nilipoelewa. Basi letu la shule liliharibika, dereva akamtuma utingo akate matawi, nami nikauliza nani amekufa. Darasa zima lilicheka. Utingo akanieleza, kwa upole, kama mtu mzima anayemweleza mtoto. Niliteremka nikatapika kwenye majani. Nikayaona yote upya, kiatu cha baba kikisugua vumbi, na nikajua kilichokuwa chini ya kiatu kile: alama za ndala ndogo, ya kushoto haina kisigino.

Nilijaribu kumwambia mara moja. Siku nilipopata leseni yangu aliniletea pembetatu mbili mpya, zimefungwa kwenye gazeti. Nikasema, "Baba, ile siku ya kona." Akaniwekea mkono begani. "Mama, kioo cha nyuma kinaangaliwa mara moja, halafu unarudi mbele. Ukikiangalia sana utagonga mtu." Sikusema tena. Alinipa nafasi ya kunyamaza nami nikaichukua kwa mikono miwili, na huo ndio woga wangu mkubwa kuliko ule wa utotoni, kwa sababu wa utotoni nilikuwa mtoto.

Haya ndiyo yaliyokuwa yananipita kichwani nikiwa nimesimama na tawi la mwarobaini miguuni, siku ya nne ya msiba wa baba. Deo alitoka uani anachechemea, anaenda kufungua kibanda.

"Pole, dada. Mbona umesimama?"

"Nimetumwa kutoa matawi."

"Ngoja nikusaidie."

Aliinama kwa shida, ule mguu ameunyoosha pembeni, akaokota tawi moja. "Mzee alikuwa mtu," alisema. "Kwangu alikuwa na kosa moja tu, na lile nilishasamehe siku nyingi. Kusahau kunampata yeyote."

Ningeweza kusema ahsante. Maneno hayo nilikuwa nimeyaacha yapite miaka yote, kwa watu wengi. Lakini udongo wa kaburi lake ulikuwa bado umelowa, na nikaona siwezi kumwacha alale nalo.

"Hakusahau, kaka Deo."

"Eeh?"

"Aliyaweka. Mafungu matatu, ng'ambo ya kona. Niliyatoa mimi."

Nilimweleza yote, simu na panga na bibi na redio. Sikumwangalia usoni. Nilipomaliza, Deo alikuwa bado ameshika lile tawi. Aliangalia mguu wake. Aliangalia uani kwetu, ambako mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wafiwa na kichwa kimefungwa.

"Mzee alijua?"

"Alijua tangu siku ile ile."

"Alikuja kila Jumamosi," Deo alisema. "Kila Jumamosi, dada. Hakusema."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari, nilirudi nyuma kidogo kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupiga, na sikuona kwamba nimeingia barabarani. Deo alinishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta kwa nguvu.

"Toka barabarani. Pikipiki hiyo."

Ilikuwa inakuja kwa kasi, imepakia abiria wawili, hakuna aliyevaa helmeti. Dereva aliyaona matawi yaliyobaki. Mlio wa injini ukashuka, akapita taratibu mbele yetu, akainamisha kichwa kuelekea nyumbani kwetu, akaenda.

Deo alikuwa bado amenishika mkono. Akauachia. Akaangalia kulia, kushoto, kulia tena, akaingia barabarani akichechemea, akalilaza lile tawi pale alipolitoa. Akalinyoosha vizuri, majani yaelekee wanakotokea madereva.

"Yaache kwanza," alisema.

Nikayaacha.